Kashasha 1962: hakuna aliyevunjika mbavu

Kwenye kipindi kilichopita nilifanya kosa, na kwa kuwa kosa lenyewe limeshapakuliwa na watu wengi kuliko kawaida yetu, ngoja nilisahihishe hapa kwa maandishi. Tulikuwa tunaongelea miayo, kwa nini mtu mmoja akipiga mwayo chumba kizima kinamfuata. Nikadakia, eti mnajua Tanganyika mwaka 1962 watu walicheka mwaka mzima bila kuacha mpaka shule zikafungwa? Mwenzangu akaangua kicheko, mimi nikaongeza chumvi kidogo, tukaendelea na mada.

Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mkubwa, yuko Bukoba. Huwa anatusikiliza akiwa anamenya ndizi. Hakunigombeza. Alisalimia, akauliza baridi ya huku ikoje, akasema tumeongea vizuri. Halafu: "Ila mwanangu, pale mlipocheka, sikuelewa mlikuwa mnacheka nini."

Nilijaribu kumjibu nikashindwa. Habari ile niliipata kama wengi wetu tuliokulia huku tulivyoipata, kwenye kitabu cha maajabu ya dunia, maktaba ya shule, ukurasa mmoja na mtu mwenye kucha ndefu kuliko wote. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jina la Tanganyika kwenye kitabu cha Kiingereza, na nilijisikia fahari, yaani hata sisi tumo. Nikaibeba hivyo hivyo miaka yote, kama kichekesho cha kwetu.

Basi nikarudi kwenye chanzo. Chanzo kikuu ni ripoti ya madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyotoka mwaka 1963 katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati. Ni ripoti fupi na kavu, na ukiisoma kwa utulivu hakuna mahali pa kucheka. Wanasema mambo yalianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana, ya misheni, kijijini Kashasha, ambako leo ni wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Walianza wasichana watatu. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, na shule ikafungwa. Ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, ikafungwa kwa mara ya pili mwisho wa Juni. Walimu walikuwa watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu. Hakupatwa hata mmoja.

Ile kufunga shule mara ya kwanza ndiyo iliyousafirisha ugonjwa. Wasichana walirudishwa makwao, na baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba. Haikupita muda mrefu Nshamba nako watu wakaanza: kati ya wakazi kama 10,000, watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule, sasa wa kike na wa kiume. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule nyingine ya wasichana, Ramashenye, pembeni ya mji wa Bukoba: wanafunzi 48 kati ya 154. Masimulizi yaliyoandikwa baadaye yanajumlisha watu wapatao 1,000 na shule 14 zilizofungwa kwa muda, katika kipindi cha zaidi ya mwaka.

Hapo ndipo "mwaka mzima" ulipozaliwa. Mlipuko ulichukua muda huo wote kuhama kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuna mtu aliyecheka mwaka mzima, wala wiki moja. Na haiwezekani. Kicheko ni pumzi inayosukumwa nje vipande vipande, misuli ya kifua na tumbo ikibana na kuachia. Jaribu kucheka kwa nguvu dakika tano tu uone utakavyoomba maji. Ripoti inasema shambulio moja lilidumu kuanzia dakika chache hadi saa chache, likapoa, likarudi. Kwa mgonjwa mmoja hali hiyo ilikwisha baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, na aliyekaa nayo muda mrefu kuliko wote alikaa nayo siku 16. Hakuna aliyekufa.

Na kicheko hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kucheka na kulia, kimoja kikifuata kingine. Kulikuwa na kuhangaika, kushindwa kutulia, na ukijaribu kumshika anapigana. Wengine walisema wanasikia vitu vinatembea kichwani. Wengine waliogopa kwamba kuna mtu anawafukuza kutoka nyuma. Hebu rudia sentensi hiyo: msichana wa miaka 14, bwenini, mbali na mama yake, anakimbia kwa kuwa anaamini kuna mtu nyuma yake. Sisi tukaliweka hilo kwenye kipindi cha miayo.

Kilichotokea ni jambo la lugha kwa sehemu kubwa. Wenyeji waliuita kwa Kihaya ugonjwa wa kucheka, na ni jina la haki kabisa kwa mtu aliyekuwepo, kwa sababu kucheka ndiko kulikokuwa kugeni. Kulia kila mtu amekuona. Ndivyo magonjwa yanavyopewa majina kwetu: chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, jina lake la Kimakonde linataja mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo, halitaji homa wala vipele. Aliyekunjika alipokuwa jirani yako, jina lilitosha. Lakini jina la kidalili kimoja likivuka mipaka peke yake, bila watu wake, linabaki neno tupu. "Kucheka" likaingia Kiingereza, likatua kwenye masikio ambayo kwao kicheko ni starehe, na mwisho wake ni kitabu cha maajabu. Mtaalamu wa isimu Christian Hempelmann, ambaye kazi yake ni kuchunguza ucheshi, aliandika makala ndefu mwaka 2007 kulirekebisha hilo. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba kicheko cha 1962 hakikuwa na ucheshi wowote ndani yake. Kilikuwa dalili ya dhiki, kama kulia na kupiga kelele.

Ajabu ni kwamba sisi wenye Kiswahili tulipaswa kulijua hilo bila makala. Nani hajawahi kuona mtu anacheka msibani, na watu wakamshika taratibu kumpeleka pembeni? Hakuna anayemwuliza nini kimemfurahisha.

Sasa turudi kwa madaktari, maana hapa ndipo panaponivutia zaidi. Siku hizi ni rahisi kusema "ilikuwa ni akili tu" na kufunga mjadala. Wao hawakuanza hapo, na walikuwa na sababu nzuri. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda kulizuka homa ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, o'nyong'nyong, jina la Kiacholi linalohusu kuvunjika viungo. Ililizunguka ziwa, ikafika Tanganyika, na iliugua watu wapatao milioni mbili kabla ya kutulia. Virusi vipya havikuwa hadithi pande hizo. Kwa hiyo wasichana wakianza kuchanganyikiwa kwa makundi, daktari mwenye akili timamu anawaza kwanza ubongo umevimba, au kuna sumu kwenye chakula. Wakapima damu. Wakachukua maji ya uti wa mgongo. Wakachunguza na chakula. Hawakupata kitu. Wananchi nao walikuwa na nadharia zao: wapo walioamini unga umetiwa sumu, na wapo waliosema hewa imeharibiwa na majaribio ya mabomu ya atomiki. Msiwacheke hao pia. Miaka ile mabomu yalikuwa yanajaribiwa angani kweli, na mionzi yake ilikuwa inasafiri na upepo kweli. Nadharia ilikuwa na miguu. Ila haikuelezea kwa nini mwalimu anapumua hewa ile ile na yuko salama.

Hilo la walimu ndilo lililogeuza mawazo. Virusi havichagui aliyesoma na asiyesoma, wala mbu haulizi umri. Ugonjwa huu ulikuwa unafuata njia za watu: kila aliyepatwa alikuwa karibuni amemwona aliyepatwa. Ulikuwa unamfuata binti kwao, unashika ndugu zake, unaingia shule ya jirani. Rankin na Philip wakahitimisha kwamba ni histeria ya halaiki.

Neno histeria silipendi. Linatokana na neno la Kigiriki la tumbo la uzazi, kwa kuwa waganga wa kale wa Ulaya waliona wanawake wanasumbuliwa na kizazi chao. Neno limebeba mzigo huo hadi leo, ukilitamka tayari umesema kwamba mgonjwa ni mwanamke na kwamba anajitia. Kwetu nako tuna "anajifanya", "anadeka", na upande wa pili "amepandisha". Hakuna neno kati ya haya linalotosha.

Mfano ninaouona unasaidia ni wa chawa. Mtu akitaja chawa, na mimi hapa nimetaja, kichwa kinaanza kuwasha. Wengine mmeshajikuna. Ule muwasho si wa uongo. Hukuuamua, huwezi kuuzima kwa kujiambia hauna chawa, na daktari akipima ngozi yako hataona kitu. Ubongo haukai kusubiri taarifa kutoka mwilini, unatabiri pia, na utabiri wenye nguvu unahisiwa kama kitu kilichotokea. Ongeza hofu, ongeza kuhema haraka haraka (ukihema sana hewa ya kaboni hupungua damuni, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka), ongeza kumwona rafiki yako wa kitanda cha jirani akianguka. Mwili una njia ya kwenda huko hata bila mdudu wala sumu.

Nilipompigia mama mkubwa nikamweleza mfano huu, alinyamaza kidogo. Yeye hakusoma Kashasha. Alikuwa bweni jingine, miaka ya sabini, na kwao haikuwa kucheka, ilikuwa kuanguka. Kwanza wawili, baada ya wiki bweni zima. Akasema na yeye alianguka, mara mbili. Sikuwahi kulijua hilo. Nikamwuliza alikuwa anajisikiaje, akasema miguu ilikuwa kama si yake. Aliyekuwa mkuu wa shule aliamua kwamba wanakwepa mitihani, wakachapwa viboko wote walioanguka. "Waliochapwa wakaanguka tena," akasema. "Sasa niambie, nani anadeka ili achapwe?"

Kwa nini Kashasha, na kwa nini wakati ule? Wengi hutaja uhuru. Tanganyika ilikuwa huru kwa siku 52 tu tarehe 30 Januari; siku nane kabla, Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Kawawa. Matarajio yalikuwa juu sana, na msichana aliyefika shule ya bweni alikuwa amebeba ya ukoo mzima. Mwaka 1968 daktari G. J. Ebrahim aliandika kuhusu milipuko mitatu ya namna hii kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, na maelezo yake yakawa maarufu: mtoto yuko katikati, nyumbani mila, shuleni mawazo yanayozipinga mila, na mgongano huo unatokea mwilini. Uganda nako, daktari Benjamin Kagwa alikuwa ameshaandika mwaka 1964 kuhusu milipuko ya Mbale na Kigezi, ambako watu walikuwa wanakimbia huku na kule.

Mimi maelezo ya "mila dhidi ya usasa" nayakubali nusu. Sisi tuliokulia huku tunajua kabisa kukaa katikati kunavyochosha, kwa hiyo yananigusa. Lakini nina wasiwasi nayo kwa sababu yanakuja haraka sana pale mgonjwa akiwa Mwafrika. Oktoba 1965, mji wa Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, shule moja ya wasichana: siku moja kulikuwa na ibada ndefu ya kusimama, baadhi wakazimia. Kesho yake wakaanza mmoja mmoja kuhema, kuzunguka kichwa, kuanguka, na wasichana 85 wakapelekwa hospitali kwa magari ya wagonjwa. Vipimo safi. Mwaka ule mji huo ulikuwa umepitia mlipuko wa polio, wazazi na watoto roho mkononi. Madaktari walioandika habari zake hawakutafuta mila za kikabila za Blackburn. Walitafuta hofu, uchovu, na nani alikuwa amekaa karibu na nani. Hayo hayo yangetosha Kashasha.

Tena kuna upande wa pili ambao lazima niuseme, la sivyo mtadhani kila kisichopimika ni hisia tu. Julai 1955 hospitali ya Royal Free, London, ilipatwa na ugonjwa usioeleweka kwa wafanyakazi wake wenyewe, watu 292, hospitali ikafungwa hadi Oktoba. Miaka 15 baadaye, mwaka 1970, madaktari wawili, McEvedy na Beard, walitangaza kwamba ilikuwa histeria. Walifanya hivyo kwa kusoma mafaili ya zamani, bila kuwapima wala kuwahoji wagonjwa, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba waliougua wengi ni wanawake. McEvedy huyo ndiye aliyekuwa ameandika na mwenzake kuhusu Blackburn. Alikuwa na nyundo, akaona misumari. Waliougua walipinga, na ubishi huo haujaisha.

Na kwetu kuna Mahenge. Tangu mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuwa anatibu kifafa huko milimani, ambako watoto wengi walikuwa wanaanza kwa kutikisa kichwa kama wanaosinzia. Watu walisema ni mapepo, wagonjwa wakatengwa, wakala peke yao, wengine wakaungua motoni kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwagusa. Leo utafiti unakihusisha kifafa cha namna ile na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo wa mito yenye kasi. Hapo kulikuwa na mdudu kweli. Nchi moja, miaka ile ile, watoto wanaanguka sehemu mbili, na majibu ni mawili tofauti kabisa. Ungetumia jibu la Kashasha kule Mahenge, ungewaacha watoto bila dawa. Ungetumia jibu la Mahenge kule Kashasha, ungewajaza dawa za bure.

Ndiyo maana Rankin na Philip ninawaheshimu licha ya hilo neno lao. Walipima kwanza. Wakauliza nani hakupatwa. Hawakusema wasichana wanaigiza. Kwenye habari za shule za Tanzania ambako wanafunzi wanaanguka mpaka leo, mara nyingi mambo yanakwenda kinyume: anaitwa mwombaji siku ya kwanza, mwandishi mwenye kamera siku ya pili, na daktari akibahatika anafika wiki ya pili, wakati maji ya kisima hayajapimwa na kila mtoto ameshaona video ya mwenzake.

Kipande kile cha kipindi tumekikata, na tumerekodi kingine mahali pake. Mama mkubwa amekisikiliza, akasema Kihaya changu bado kibaya lakini afadhali.

Kuna kitu kimoja bado. Katika ripoti ya 1963 wasichana wa Kashasha wanahesabiwa tu: 3, 95, 159. Aliyekuwa na miaka 14 wakati ule, kama yu hai, anakaribia 80. Baadhi yenu mna bibi kutoka Muleba. Kama bibi yako alisoma pande hizo miaka hiyo, usianze na swali la kucheka. Mwulize bweni lilikuwaje, walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anamwogopa. Akitaka kufika huko atafika mwenyewe, na asipotaka, yaishie hapo. Akikubali sauti yake irekodiwe, tunaomba mtuandikie, na tutaiweka kama alivyoisema, kwa Kihaya kama ni Kihaya.